MWETHYA: MSAADA WA HIARI SHAMBANI

Wazee wetu na ndugu wanachama, tumeona vema kukumbusha asili ya kazi ya kusaidiana. Huko Ukambani, tangu zamani, aliyeelemewa na shamba aliwaita majirani. Nao walikuja na majembe yao, wakalima pasipo ujira, wakala chakula chake, wakaenda zao. Huo ndio mwethya.

Serikali ya kikoloni ilipoona udongo wa Machakos unachukuliwa na mvua, ilitumia amri. Mwaka wa 1938 ng'ombe wa watu walikamatwa wakauzwa. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaja Nairobi kulalamika. Yeye alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini amri ile ikaondolewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walishurutishwa kuchimba matuta, wakaichukia kazi hiyo. Bali katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, vyenye wanawake wengi, vilipojichagulia viongozi, matuta yalienea milimani, udongo ukarudi kukaa shambani.

Basi tunajifunza kwamba jembe la hiari hufika mbali kuliko la shuruti. Kila mwanachama na aangalie ni jirani yupi anayengojea jembe lake.