Hatari Katika Kiti cha Meno

Watu wengi hulidhani jino kuwa ni jambo dogo. Likiuma hung'olewa, na likisha kung'olewa husahauliwa. Lakini, msomaji, jino halikai peke yake kama kigingi katika udongo. Limeshikwa na taya, taya hulishwa na damu, na damu hiyo ndiyo ipitayo moyoni na katika ubongo. Aketiye katika kiti cha meno huketi na mwili wake wote: moyo wake, pumzi zake, hofu yake, na maradhi ambayo pengine hajamtajia mtu yeyote. Historia ya utabibu wa meno ni historia ya watu waliojifunza jambo hili polepole, na mara nyingine kwa kupotewa na mgonjwa.

Tuanze nyumbani, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wakaako Waembu, Wambeere, Wachuka, Watharaka na Wameru. Zamani, katika nchi za kuuzunguka mlima huo, mwenye kuumwa na jino alitafuna gome la mti uitwao muthiga, lenye ukali kama wa pilipili, ili maumivu yapungue. Kwa Wamasai, na kwa Wajaluo pia, ilikuwa desturi kung'oa meno ya mbele ya chini, na moja ya sababu zilizotolewa ni hii: mtu akishikwa na pepopunda na taya zikafungana, aweze kulishwa kupitia pengo lile. Usiicheke sababu hiyo. Wenye desturi hiyo waliifikiria hatari kabla haijafika, na huo ndio mwanzo wa kila kinga.

Serikali ya Waingereza ilijenga boma lake Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908. Mwaka 1922 Daktari Clive Irvine, wa misheni ya Kanisa la Scotland, alianza kazi Chogoria, baina ya miji hiyo miwili. Katika hospitali za misheni za siku zile daktari mmoja alikuwa mpasuaji, mkunga na mng'oa meno. Wagonjwa walifika kwa miguu au kwa machela, wakivuka mabonde ya mito kama Thuci, Nithi na Mutonga; kwa hiyo adui mkubwa alikuwa kuchelewa. Jino bovu hufanya usaha, na usaha ukishuka chini ya ulimi na shingoni waweza kuiziba njia ya pumzi. Daktari Wilhelm von Ludwig wa Ujerumani aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na dalili zake ni zile zile hata leo: uvimbe mgumu chini ya kidevu, ulimi ulioinuliwa, mate yanayodondoka kwa kushindwa kumeza, na sauti iliyobadilika. Penisilini, iliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, imeokoa wengi. Lakini mwenye dalili hizo hana budi kupelekwa hospitali saa ile ile, wala si kesho.

Katika karne hiyo hiyo ya 19, matabibu wa meno wa Marekani walitafuta njia ya kuondoa maumivu. Mwaka 1844 Horace Wells, wa mji wa Hartford, aling'olewa jino lake mwenyewe baada ya kuvuta gesi ya kuchekesha. Mwaka 1846 William Morton alitumia etha mjini Boston, na mwaka uliofuata klorofomu ikaanza kutumiwa Scotland. Lakini mnamo Januari 1848 msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alikufa karibu na Newcastle, Uingereza, alipovutishwa klorofomu ili aondolewe ukucha wa mguu. Ndipo watu walipotambua kuwa dawa iondoayo maumivu yaweza kuondoa na uhai. Hata miaka mia moja baadaye somo lilikuwa halijakwisha. Mwaka 1957 Daktari J. G. Bourne wa Uingereza alionya kuwa mgonjwa akizirai chini ya gesi huku ameketishwa wima, damu haifiki vema kichwani, na ubongo waweza kuharibika.

Sindano ya ganzi ilipunguza hatari hiyo. Kokaini ilianza kutumiwa hivyo mwaka 1884, prokaini mwaka 1905, na lidokaini, itumiwayo mpaka leo, iligunduliwa Sweden mwaka 1943. Mara nyingi ndani yake hutiwa adrenalini kidogo ili ganzi idumu. Nayo adrenalini huuharakisha moyo. Sasa fikiri: miraa ya Igembe, sifa ya Meru, nayo huuharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Tabibu akikuuliza kama umetafuna miraa, hataki kukuaibisha. Anaulinda moyo wako.

Zitambue basi dalili. Anayezirai hupauka, hutoka jasho la baridi na kuona kizunguzungu: mlaze chali na kuiinua miguu yake. Mgonjwa wa kisukari aliyedunga insulini yake, kisha akapanda gari alfajiri kutoka Mbeere bila kunywa chai, akianza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, ameishiwa sukari: mpe kitu kitamu, maadamu anaweza kumeza. Mwenye kuvimba midomo, kutoka vipele na kupumua kwa shida baada ya dawa, mwili wake umeikataa dawa hiyo: tabibu humdunga adrenalini katika msuli wa paja bila kukawia. Ajabu iliyoje, kitu kile kile kitishacho moyo mmoja huokoa mwingine! Na moyo ukisimama, kifua hukandamizwa kwa mikono, njia iliyotangazwa na watafiti wa Baltimore, Marekani, mwaka 1960. Njia hiyo haihitaji mashine. Huhitaji mikono ya mtu aliyefundishwa.

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno, na leo hospitali kubwa za Embu na Meru zina vyumba vya kazi hiyo. Lakini oksijeni na dawa zilizo kabatini hazimfai mgonjwa ikiwa hakuna aliyeiona dalili mapema. Nawe, msomaji, una sehemu yako. Uulizwapo kuhusu maradhi yako, dawa unazotumia, chakula ulichokula na dawa iliyowahi kukudhuru, jibu kweli yote, hata kama umekuja kwa jino moja tu. Na ukimpeleka mzee wako asiyependa kusema, mweleze tabibu kwa niaba yake. Waliotutangulia walifahamu hatari hizi baada ya msiba. Sisi tumepewa kuzifahamu kabla.