Kukiri kwa Makubaliano: Historia ya Adhabu kwa Vijana Walioshtakiwa kwa Mauaji Nchini Marekani

Makubaliano ya kukiri kosa ni utaratibu ambao mshtakiwa hukubali hatia, mara nyingi ya kosa dogo kuliko lile aliloshtakiwa nalo, na upande wa mashtaka nao humpunguzia shtaka au humpendekezea adhabu nafuu, kesi ikaisha bila ushahidi kusikilizwa. Katiba ya Marekani haiutaji utaratibu huo popote, na waliotunga sheria za mwanzo za nchi hiyo hawakuutegemea. Hata hivyo mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Missouri dhidi ya Frye, ilieleza kwamba asilimia 97 ya hatia katika mahakama za shirikisho na asilimia 94 katika mahakama za majimbo zilitokana na washtakiwa kukiri wenyewe. Kesi za mauaji hazikubaki nje ya mkondo huo, na pale mshtakiwa alipokuwa kijana ambaye hajafikia utu uzima, mabishano ya umma yalikuwa makali kuliko kawaida, kwa kuwa wapo walioona makubaliano hayo ni kuuza damu ya marehemu kwa bei ya chee, na wapo walioona ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumwepusha mtoto na adhabu ya mtu mzima.

Chimbuko la utaratibu huu linaeleza mengi kuhusu mabishano yaliyofuata. Mwanahistoria wa sheria George Fisher, aliyechambua kumbukumbu za mahakama za wilaya ya Middlesex katika jimbo la Massachusetts, alionyesha kwamba katika karne ya 19 makubaliano yalishamiri kwanza katika makosa ya aina mbili zisizofanana hata kidogo, yaani uuzaji wa pombe bila leseni na mauaji. Kilichoyaunganisha makosa hayo ni kwamba kwa yote mawili sheria ilikuwa imekwisha kutaja adhabu, faini maalumu kwa wauza pombe na kitanzi kwa muuaji, na hakimu hakuwa na nafasi ya kupunguza wala kuongeza. Pale ambapo hakimu amefungwa mikono, mwenye kuchagua shtaka ndiye mwenye kuchagua adhabu. Massachusetts ilipoyagawa mauaji katika madaraja mawili mwaka 1858, la kwanza likiwa na adhabu ya kifo na la pili kifungo cha maisha, mwendesha mashtaka alipata chombo kamili cha biashara hiyo: kwa kukubali tu kwamba kosa lilikuwa la daraja la pili, aliweza kumwondoa mtu kwenye kamba, na mshtakiwa akamlipa kwa kumwondolea mzigo wa kuthibitisha.

Kwa muda mrefu watoto walikuwa kando ya biashara hiyo. Sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1899, iliyopiganiwa na wanawake wanaharakati wa Chicago kama Lucy Flower na Julia Lathrop, ilianzisha mahakama ya watoto ya kwanza nchini, ambayo jaji wake hakutakiwa kuuliza mtoto ametenda kosa gani bali anahitaji malezi gani. Humo kwa kawaida hamkuwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wala hamkuwa na adhabu iliyopangwa mapema, na kwa sababu hiyo hapakuwa na cha kujadiliana bei. Nia ilikuwa njema, lakini huruma isiyo na utaratibu ina hatari zake, kama ilivyodhihirika katika kesi ya Gault ya mwaka 1967, ambapo mvulana wa miaka 15 huko Arizona alikuwa ameamriwa kukaa katika shule ya marekebisho hadi atimize miaka 21 kwa sababu ya simu ya matusi, ilhali mtu mzima kwa kosa hilo hilo angetozwa faini isiyozidi dola 50 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili. Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto naye ana haki ya wakili na haki ya kunyamaza. Mahakama ya watoto ilianza hapo kufanana na ya wakubwa, na mfanano huo ulikuja kutumiwa na watu wa mrengo mwingine kabisa, waliotaka watoto waadhibiwe kama wakubwa.

Kesi iliyowafundisha Wamarekani wengi kwamba kukiri ni mbinu, wala si majuto peke yake, ilitokea Chicago mwaka 1924, pale Nathan Leopold mwenye miaka 19 na Richard Loeb mwenye miaka 18 waliposhtakiwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Wakili wao, Clarence Darrow, aliwaelekeza wakiri makosa yote bila kupewa ahadi yoyote, jambo lililowashangaza wengi, kwa hesabu kwamba juri lenye hasira lingewanyonga lakini jaji mmoja aliyebebeshwa uamuzi peke yake angesita. Jaji John Caverly alisita kweli: Septemba 1924 aliwahukumu kifungo cha maisha pamoja na miaka 99, akitaja umri wao kuwa sababu kubwa ya kutowapeleka kwenye kitanzi. Magazeti yalilalamika kwamba fedha za familia tajiri ndizo zilizonunua uhai wa vijana hao. Lalamiko hilo halikuwa la haki kwa jaji, lakini liligusa swali ambalo halijapoa hadi leo, la nani hasa hufaidika na umri mdogo mbele ya sheria.

Kuanzia mwaka 1970 mambo mawili yaliyokuwa yakienda kila moja njia yake yalikutana. La kwanza ni kwamba Mahakama ya Juu iliyahalalisha makubaliano waziwazi: katika kesi ya Brady ya mwaka 1970 ilikubali kwamba kukiri kwa kuogopa adhabu ya kifo si kukiri kwa kulazimishwa, na katika kesi ya Bordenkircher dhidi ya Hayes ya mwaka 1978 ikabariki kifungo cha maisha kwa mtu aliyeghushi hundi ya dola 88.30, ambaye alikuwa amekataa kukiri ili apendekezewe miaka mitano, na ambaye kwa kukataa huko alifunguliwa shtaka la kuwa mhalifu sugu. La pili ni kuvunjwa kwa ukuta uliowatenga watoto. Mwaka huo huo wa 1978, baada ya mvulana wa miaka 15 kuua watu wawili katika treni za chini ya ardhi za New York na kupewa kifungo cha juu kabisa cha mahakama ya watoto, ambacho kilikuwa miaka mitano, jimbo hilo lilitunga sheria iliyoruhusu watoto wa miaka 13 washtakiwe kwa mauaji kama watu wazima. Katika miaka ya 1990 karibu majimbo yote yalifuata mkondo huo, yakichochewa na utabiri wa msomi John DiIulio, aliyedai mwaka 1995 kwamba kizazi cha vijana wasio na utu kilikuwa njiani. Kizazi hicho hakikuja, na uhalifu wa vijana ulikuwa tayari umeanza kushuka wakati sheria zikiendelea kupitishwa.

Kesi ya Tate ya Florida ndiyo iliyoonyesha kwa uwazi kuliko nyingine yoyote kilichotokea mambo hayo mawili yalipokutana, na inafaa kuangaliwa kwa karibu. Julai 1999, katika Kaunti ya Broward, mvulana wa miaka 12, Tate, alimuua kwa kipigo msichana wa miaka 6 aliyekuwa ameachwa nyumbani kwao akiangaliwa na mama wa mvulana huyo. Upande wa utetezi ulidai kwamba mtoto alikuwa akiigiza mieleka aliyoiona katika televisheni, dai lililokuwa gumu kukubalika kutokana na wingi na uzito wa majeraha yaliyokutwa mwilini. Juri kuu, yaani jopo linalokaa faraghani kuamua kama mtu ashtakiwe, lilimfungulia shtaka la mauaji ya daraja la kwanza, na kwa sheria ya Florida uamuzi huo pekee ulitosha kumwingiza katika mahakama ya watu wazima, awe na umri wowote. Wala hapakuwa na ulazima wa kuthibitisha kwamba alikusudia kuua: kifo kilichotokana na ukatili mkubwa dhidi ya mtoto kilihesabiwa kuwa mauaji ya daraja la kwanza, ambayo adhabu yake pekee kwa mtu wa umri wake ilikuwa kifungo cha maisha bila paroli, yaani bila nafasi ya kufikiriwa kuachiwa mapema kwa masharti.

Kabla ya kesi kusikilizwa, waendesha mashtaka walimpa nafasi ya kukiri mauaji ya daraja la pili, akae miaka mitatu katika kizuizi cha watoto, kisha mwaka mmoja chini ya ulinzi nyumbani na miaka kumi ya uangalizi. Yeye na mama yake walikataa, wakiamini kwamba ilikuwa ajali. Januari 2001 juri lilimtia hatiani, na mwezi Machi, akiwa na miaka 14, Jaji Joel Lazarus alimhukumu kifungo cha maisha. Mwendesha mashtaka mwenyewe alitangaza kwamba adhabu hiyo ilikuwa kali mno na kwamba angeunga mkono ombi la msamaha kwa Gavana Jeb Bush, kauli iliyomkera jaji, ambaye aliona kwamba kama serikali haikuamini adhabu hiyo inastahili, haikupaswa kuleta shtaka hilo mbele yake.

Umma uligawanyika, na sehemu kubwa ya lawama ikamwangukia mama aliyekataa makubaliano. Lawama hizo zilikosa shabaha. Serikali ile ile, kwa kosa lile lile na mtoto yule yule, ilikuwa imetamka kwa kinywa chake kwamba miaka mitatu inatosha kulinda jamii, kisha ikadai maisha yake yote. Tofauti kati ya adhabu hizo mbili haikutokana na jambo lolote jipya lililogunduliwa kuhusu kosa, bali na ukweli kwamba mtoto alitumia haki yake ya kusikilizwa. Wanaotetea utaratibu huu husema kwamba punguzo ni zawadi kwa anayekiri na si adhabu kwa asiyekiri, hoja ambayo ina nguvu punguzo linapokuwa la theluthi ya kifungo, lakini hupwaya pale linapokuwa pengo kati ya miaka mitatu na kufia gerezani.

Desemba 2003 Mahakama ya Rufaa ya Florida ilitengua hukumu hiyo kwa hoja ambayo wabishani wengi hawakuwa wameifikiria: kwamba ilipaswa kupimwa kama mtoto wa umri ule alielewa maana ya kesi na ya makubaliano aliyoyakataa. Mwaka huo huo uchunguzi wa wanasaikolojia wakiongozwa na Thomas Grisso ulikuwa umeonyesha kwamba watoto wa miaka 15 na chini yake wana uwezekano mkubwa kuliko watu wazima wa kuwa na upungufu wa uelewa wa mwenendo wa mahakama, na kwamba huelekea zaidi kukubali matakwa ya wenye mamlaka. Januari 2004 kijana alipewa tena makubaliano yale yale, akayakubali na kuachiwa, kwa kuwa miaka mitatu ilikuwa imekwisha kupita. Baadaye, mwaka 2005, alivunja masharti ya uangalizi, na mwaka 2006 akahukumiwa kifungo cha miaka 30, jambo lililotumiwa na waliokuwa wakidai tangu mwanzo kwamba alistahili maisha. Hata hivyo tendo la mwaka 2005 haliwezi kuwa kipimo cha haki ya hukumu ya mwaka 2001.

Mahakama ya Juu ilikuwa njiani kubadili uwanja wote. Mwaka 2005, katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, ilifuta adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa kabla ya miaka 18. Mwaka 2012, katika kesi ya Miller dhidi ya Alabama, ilikataza kifungo cha maisha bila paroli kutolewa kwa lazima kwa watu wa umri huo. Na mwaka 2016 iliamua kwamba katazo hilo liwafikie hata waliofungwa zamani, ambao walizidi 2,000. Uamuzi wa kesi ya Jones dhidi ya Mississippi wa mwaka 2021 ulilegeza kidogo kwa kutomdai jaji atamke rasmi kwamba kijana hawezi kurekebishika, lakini kiini kilibaki: jaji alirudishiwa uwezo wa kupima, na kwa kiasi hicho tishio lililokuwa mkononi mwa mwendesha mashtaka likapungua makali.

Utaratibu wa makubaliano ya kukiri ulivuka bahari ukafika pia Afrika Mashariki. Kenya iliuingiza katika sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai mwaka 2008, ikiyatenga makosa ya kingono na uhalifu wa kivita lakini si mauaji, na ikimtaka mwendesha mashtaka ampe mwathirika au mwakilishi wake nafasi ya kueleza maoni yake inapowezekana. Tanzania ilifuata mwaka 2019. Kenya iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji kupitia kesi ya Muruatetu ya mwaka 2017, ilhali Tanzania imekuwa na makubaliano sambamba na sheria inayomtaka jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, ingawa mwaka huo huo wa 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi ya Ally Rajabu, iliamua kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Kwa mtu mzima hali hiyo inafanana sana na ile ya Middlesex ya karne ya 19, kwa kuwa hatua ya kushusha shtaka hadi kuua bila kukusudia iko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa aliye chini ya miaka 18 sheria za Tanzania hazina kitanzi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza hata kifungo cha gerezani, hivyo kinachogombewa kwanza katika kesi ya namna hiyo ni uthibitisho wa umri, ambao kwa kijana asiye na cheti cha kuzaliwa unaweza kuwa mgumu kuliko uthibitisho wa kosa lenyewe.