Mama Hayumo: Nasaba, Mirathi na Historia ya Familia Pwani ya Afrika Mashariki

Familia za masharifu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija hutunza shajara. Pengine ni karatasi, pengine daftari, pengine ni kumbukumbu ya kichwani tu, nayo hushuka jina kwa jina kutoka kwa Mtume hadi kwa mtoto aliyezaliwa juzi: fulani bin fulani bin fulani. Familia zisizo na usharifu zina nasaba zao, fupi zaidi, zinazoishia Shirazi, Omani, Hadhramaut au Barawa. Anayetaka kuandika historia ya ukoo wake huanza na orodha hiyo, na mara nyingi huishia papo hapo, akiamini kazi imekwisha kwa kuwa hakuna jina lililoruka. Makala hii inadai kwamba orodha hiyo ndiyo ushahidi wa kutazamwa mwisho. Nasaba ya pwani ilitungwa kuthibitisha hadhi, na kwa kazi hiyo ilitosha kuwataja wanaume. Anayetaka kujua familia yake ilikuwa ya akina nani hasa aanzie kwenye mali: nani alirithi nini, kutoka kwa nani, na kwa mama yupi.

Kwamba nasaba hubadilika kufuata haja ya wanaoisimulia ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Gonja, kaskazini mwa Ghana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliandika masimulizi kwamba mwasisi wa dola hiyo, Ndewura Jakpa, alikuwa na wana saba, kila mmoja na jimbo lake. Miaka sitini hivi baadaye majimbo mawili yalikuwa yamekwisha kutoweka, na masimulizi yaliporekodiwa upya Jakpa alikuwa na wana watano. Jack Goody na Ian Watt, walioueneza mfano huu mwaka 1963, waliutumia kuonyesha tofauti kati ya jamii zinazoandika na zisizoandika. Hapo ndipo ninapoachana nao. Shajara iliyoandikwa huchagua kama anavyochagua msimulizi. Ila mwandishi akishachagua, uchaguzi wake hauonekani tena, na vizazi vinavyofuata huuchukua kuwa ndiyo hali ilivyokuwa.

Pwani yetu ina Gonja yake, tena kwenye karatasi za serikali. Katika sensa ya Zanzibar ya 1924 maelfu ya watu walijiandikisha kuwa Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka, bila tauni wala vita. Watu ni walewale. Walikuwa wamehamia kwenye Ushirazi, Uhadimu, Utumbatu au Uarabu, kwa sababu jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Katika Vita Kuu ya Pili mgao wa chakula ulipangwa kwa kabila, mchele ukielekezwa zaidi kwa waliohesabiwa Waarabu na Waasia, na babu wa ng'ambo akawa na faida jikoni. Mombasa nako, Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo, walipigania kwa miaka mingi wasiwekwe katika kundi la wenyeji, kwa kuwa kundi hilo lilibeba kodi na vikwazo vyake. Ukoo uliopeleka nasaba yake mbele ya ofisa wa Kiingereza haukuwa unafanya utafiti wa historia, na si haki kuusoma kana kwamba ulikuwa unafanya hivyo.

Turudi nyuma zaidi, Kilwa. Tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya watawala wake, tunayo katika matoleo kadhaa. Lipo la Kireno, lililoingizwa katika kitabu cha João de Barros mwaka 1552; lipo la Kiarabu, ambalo nakala yake iliyopo London ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877; na lipo la Kiswahili, lililochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Katika toleo la Kiarabu, Mshirazi anakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka, mtawala wa awali anahamia bara, na utawala unashuka kutoka baba kwenda mwana. Toleo la Kiswahili nalo lina nguo, lakini lina harusi pia. Mgeni anamwoa binti wa mzee Mrimba, mwenye nchi. Binti ndiye anayemshawishi baba yake ahame kisiwani, na mtoto wa ndoa hiyo, akishakua, anakwenda kumtembelea babu mzaa mama, naye babu anamkabidhi utawala. Tazama jinsi uhalali unavyogeuka. Kwa masimulizi haya utawala wa Kilwa ulipitia kwa mwanamke, ingawa yeye mwenyewe hatajwi ila kama binti Mrimba. Wasomi kwa muda mrefu waliliona toleo hili kuwa la kienyeji na la baadaye, na kwa hiyo dhaifu kuliko la Kiarabu. Nadhani lilisahau kidogo zaidi.

Ushahidi wa mifupa unaelekea upande huo. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara wa baada ya 1650. Miongoni mwa watafiti alikuwemo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Walikuta kwamba mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia ulianza karibu mwaka 1000. Sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka Uajemi, sehemu ndogo India, na baada ya 1500 asili ya Uarabuni ikaongezeka. Asili ya Kiajemi iliingia hasa kwa wanaume. Ya Kiafrika iliingia hasa kwa wanawake, na kwa wengi wa waliopimwa ilikuwa zaidi ya nusu. Mjadala uliofuata uliwashughulikia zaidi akina baba: je, basi, hadithi ya Shirazi ni ya kweli? Kwa kiasi, ndiyo. Waliozikwa kwenye makaburi ya heshima karibu na misikiti, ambao hawawezi kuwakilisha mji mzima, walikuwa na mababa wa aina ileile inayotajwa na nasaba zao. Kwa hiyo nasaba haikusema uongo juu ya wale iliowataja. Kosa ni letu tuliodhani imewataja wote. Mtu akihesabu vizazi kumi kurudi nyuma ana nafasi 2,046 za wazee, na shajara inajaza kumi.

Kanuni ya kafaa, yaani ulinganifu wa hadhi kati ya mume na mke, inaeleza kwa sehemu mwelekeo huu wa kuwataja akina baba tu. Mwanamume wa nasaba tukufu aliweza kuoa karibu popote, na watoto wakawa wake. Binti yake hakuozwa kwa mtu wa nasaba ya chini. Ukoo uliokuwa macho sana juu ya nani anamwoa binti yao haukuwa na sababu ya kuandika mama wa wajukuu wao alitoka wapi.

Ila sheria ileile ya Kiislamu iliyoulinda mstari wa baba ilikuwa na mlango mwingine ambao mama hakuweza kufungiwa nje, nao ni faraidhi, kanuni za kugawa mirathi. Tuseme mtu amekufa Pemba, ameacha mikarafuu 96, mama yake, wajane wawili, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Baba yake amekwisha kufa. Mama atachukua sudusi, sehemu moja ya sita, yaani miti 16. Wajane watagawana thumuni, miti 12, kila mmoja 6. Inabaki 68: mwana atapata 34, na kila binti 17. Warithi ni sita, na kadhi hawezi kumwacha hata mmoja, kwani akimwacha hesabu zote zinaharibika na shauri litamrudia. Katika shajara ya ukoo huohuo atatokea mmoja tu kati ya sita. Mama wa marehemu anaandikwa binti fulani, na hapo umekwisha kuupata mlango wa pili wa familia. Akifa yeye, miti yake 16 itakwenda kwa warithi wake mwenyewe, wakiwemo watoto aliowazaa na mume mwingine, watu ambao nasaba ya mume wa kwanza haiwajui kabisa. Tena faraidhi hutofautisha ndugu wa baba na mama, ndugu wa baba tu na ndugu wa mama tu, kwa kuwa mafungu yao hayalingani. Ikiwa marehemu hakuacha mtoto, kadhi hana budi kuuliza swali ambalo mwandishi wa shajara hakuwahi kuliuliza: huyu na huyu, mama yao ni mmoja?

Kuna mambo ambayo hati hizi za mirathi husema kwa kunyamaza. Mtoto anapotajwa kati ya warithi na mama yake hayumo kati ya wajane, huenda mama huyo aliachwa, au alitangulia kufa, au alikuwa suria. Suria aliyemzalia bwana wake alipata uhuru bwana alipokufa, lakini hakumrithi. Mtoto wake alirithi sawasawa na wa mke wa ndoa. Amri ya 1897 ya kuondoa utumwa Zanzibar iliwaacha masuria nje, na haikuwafikia hadi 1909, kwa hiyo mahali patupu namna hii tunaweza kupakuta hata katika mirathi za karne ya 20. Uamuzi usitolewe kwa karatasi moja. Seyyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alimtaja mama yake waziwazi katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886: suria wa Kicherkezi, kwa jina Jilfidan. Wachache walipata nafasi hiyo, na katika nasaba ya ukoo wake wa Mabusaidi jina hilo halihitajiki popote.

Waliokuwa watumwa wenyewe nao wanapatikana hapa, kwa njia inayochoma. Mtu aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu, sheria ya walaa ilimpa bwana wake wa zamani, au watoto wa bwana huyo, haki ya kuichukua mali yake. Madai hayo yalifikishwa mahakamani Unguja na Mombasa, na ndani yake mtu ambaye hana shajara anaandikwa kuwa fulani, huru wa fulani, mwenye kibanda mahali fulani. Hati za wakfu zina ukarimu zaidi. Matajiri kadhaa wa Unguja waliweka nyumba au mashamba wakfu kwa mahuru wao na vizazi vyao, na tangu 1905, ilipoundwa Kamisheni ya Wakfu, mambo hayo yalianza kuwa na ofisi yake. Kwa mjukuu wa mtumwa, hati kama hiyo huenda ikawa ndiyo maandishi ya kwanza yanayomweka bibi yake mahali na wakati maalumu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito: wengi hawakuwa na cha kurithisha, na wengi waliokuwa nacho waligawana barazani bila kumwona kadhi. Ni kweli. Lakini hata pasipo karatasi, mali ilihifadhi kumbukumbu pana kuliko heshima. Utafiti wa Pat Caplan kaskazini mwa Mafia, uliochapishwa mwaka 1975, ulionyesha wanakijiji wakidai haki ya ardhi kupitia baba na kupitia mama, hivyo mtu mmoja akawa na nafasi katika makundi kadhaa ya ukoo kwa wakati mmoja. Mkulima wa namna hiyo lazima awakumbuke bibi zake. Akiwasahau anapoteza shamba. Ndiyo maana swali la kumwuliza mzee wa kijijini si "babu wa babu yako nani?" Atakujibu, kwa adabu, jibu ambalo huwapa wageni. Muulize minazi ile ni ya nani, ilifikaje kwake, na kwa nini shangazi alipewa upande wa kusini. Umri wa watu utaupata kwa matukio: nani alizaliwa kabla ya tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, nani alichukuliwa kariakoo, kubeba mizigo ya jeshi, katika vita vya Wajerumani na Waingereza. Na waulizwe wanawake. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipowasikiliza wanawake watatu wa Mombasa, mmoja wao mwenye asili ya watumwa, na kuchapisha maisha yao kwa Kiingereza mwaka 1989 kisha kwa Kiswahili, mji uliojitokeza ulikuwa wa harusi, ngoma, kuhama nyumba na kulea watoto wa wenzao. Mji huo haumo katika tarehe yoyote ya watawala.

Pingamizi la pili ni la adabu. Mirathi hufichua yale ambayo ukoo uliamua kuyasitiri, na sitara ina heshima yake pwani. Maoni yangu ni kwamba aliye hai ndiye mwenye haki ya kusema jina la bibi yake litangazwe au libaki nyumbani, na mtafiti asimvunjie mlango kwa kisingizio cha elimu. Lakini kuhifadhi hati ni jambo jingine. Familia inaweza kukaa kimya kizazi kizima na bado ikawaachia wajukuu uwezo wa kuuliza. Kinachoogopesha zaidi, kusema kweli, ni ardhi. Hati inayomtaja ndugu wa mama mmoja aliyesahauliwa yaweza kuamsha dai lililolala miaka themanini, na wapo wanaoikalia kimya kwa sababu hiyo, wala si kwa aibu ya utumwa.

Kazi yenyewe ina ugumu wa kiufundi usiotajwa vya kutosha. Hati nyingi za kabla ya katikati ya karne ya 20 ni za Kiarabu au za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wa makarani wa kadhi una njia zake za mkato. Vijana wanaosoma Kurani kwa ufasaha wanaweza kukwama kwenye mstari wa kwanza wa hati ya mgawanyo, kwa kuwa hauna irabu na majina ya mashamba ni ya Kibantu. Idara zetu za historia na za Kiswahili zinafundisha nadharia ya masimulizi kwa mihula kadhaa. Muhula mmoja wa kusoma hati hizo ungezaa zaidi. Zilizofika Nyaraka za Taifa Zanzibar angalau zina kabati. Zilizoko majumbani ziko hatarini kwa sababu nyepesi: shamba likishauzwa, mwenye hati huona haina kazi tena, akaitupa pamoja na risiti. Hizo ndizo za kupigwa picha kwanza. Shajara inaweza kungoja, maana kila binamu ana nakala yake.