Kujaza upya risasi za .44-40 Winchester

Kujaza upya risasi za .44-40 Winchester ni kazi ya kuunda tena risasi iliyokwisha kupigwa, kwa kulipa ganda lake la shaba fataki mpya, baruti na kichwa cha plumbi kilichosubiwa katika kalibu.

Risasi hii ilitolewa nchini Marekani mwaka 1873 pamoja na bunduki ya wenzo ya Winchester Model 1873. Namba 40 ni greni za baruti nyeusi (gramu 2.6), namba 44 ni ya kukadiria tu, kwani kipenyo cha kichwa ni takriban inchi 0.427 (milimita 10.8). Kampuni yenyewe iliuza kalibu na vifaa vya kujazia. Plumbi huyeyuka kwenye sentigredi 327, hivyo mtu aliyeishi mbali na maduka aliweza kusubu vichwa kwa moto wa kuni.

Bati kidogo husaidia plumbi kujaza kalibu vizuri; sehemu 1 kwa 20 ni mchanganyiko uliozoeleka. Ugumu mwingi si sifa. Jambo kubwa zaidi ni kipenyo, maana mitutu ya zamani hutofautiana. Kipande cha plumbi laini husukumwa ndani ya mtutu, kisha hupimwa, na kichwa hufanywa kikubwa kidogo kuliko kipimo hicho. Kikiwa chembamba, gesi ya moto hupenya pembeni, huyeyusha plumbi na kuigandisha katika mifuo ya mtutu. Vijia vya kichwa hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta.

Ncha lazima iwe bapa: ndani ya bomba la bunduki kila ncha huelekea fataki ya risasi iliyo mbele yake, na ncha kali inaweza kuilipua.

Hatari kubwa ni baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi hujaza ganda lote. Kujaza baruti ya kisasa kwa ujazo uleule kunaweza kupasua bunduki. Model 1892, iliyobuniwa na John Browning, ina mfumo imara kuliko Model 1873, lakini risasi ileile huingia katika zote mbili. Kwa hiyo risasi zenye nguvu zilizokusudiwa bunduki ya 1892 hazifai kuwekwa karibu na ile ya zamani.

Kusubu hufanyika penye hewa ya kutosha, mbali na maji, kwa kuwa tone moja likizama katika plumbi iliyoyeyuka huirusha nje ya chungu.