Kumzoesha mtoto wa kike kutumia poti: mambo ambayo mzazi anapaswa kujua

Mtoto hujifunza kutumia poti kama anavyojifunza kutembea, yaani mwili wake ukiwa tayari. Mtoto anayelazimishwa au kuchapwa hujifunza jambo jingine: kubana. Anabana mkojo, anabana choo, na hapo matatizo ya afya huanza. Kwa mtoto wa kike hatari iliyo karibu zaidi ni maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu ya maumbile yake. Makala hii inakueleza namna ya kumfundisha bila kumtisha, namna ya kumsafisha, na dalili zinazotaka umpeleke kituo cha afya.

Aanze akiwa na umri gani?

Watoto wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3. Usimpime binti yako kwa mtoto wa jirani. Angalia dalili hizi:

- Anakaa mkavu kwa saa 2 hivi, au anaamka mkavu baada ya usingizi wa mchana.
- Anaonyesha kwamba anajua haja inakuja: ananyamaza, anachuchumaa au anajificha pembeni.
- Anaelewa maagizo mafupi, kama "lete kiatu".
- Anaweza kukaa mwenyewe na kuinuka, na anajaribu kuvua chupi.
- Anakerwa na nepi iliyolowa.

Si lazima awe na dalili zote. Akiwa na kadhaa, jaribu. Baada ya wiki 2 ukiona ni vilio tu, acha kwanza, kisha rudia baada ya mwezi au miezi miwili. Usianze akiwa mgonjwa, mkiwa mmehamia nyumba mpya au wakati mama amejifungua karibuni.

Mbona bibi anasema zamani tulianza mapema?

Bibi hakosei. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 katika jarida la Pediatrics ulieleza jinsi akina mama wa Kidigo, pwani ya Kenya, walivyoanza kumzoesha mtoto katika wiki za kwanza za maisha. Mama alimweka mtoto kwenye miguu yake, akatoa sauti ya kumwashiria akojoe, na watoto walizoea kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Lakini zingatia walivyofanya. Mtoto alikuwa karibu na mama au mlezi muda wote, dalili zake zilisomwa, na hakuadhibiwa. Mtoto anayeshinda na nepi huku mama yuko kazini hapati mafunzo hayo. Kwa hiyo msibishane na bibi. Mwombeni awasaidie kwa upole uleule.

Hatua za kufuata

1. Nunua poti iliyotulia chini. Poti ya plastiki ya kawaida inatosha, mradi isiyumbe na ukingo wake usiwe mkali. Nyayo zake ziguse sakafu. Iweke anapoiona, na mwache aikalie hata akiwa na nguo.
2. Chagueni maneno. Iwe ni "kojo" au "susu", nyumba nzima itumie neno moja, pamoja na dada wa kazi.
3. Mkalishe kwa ratiba. Nyakati nzuri ni akiamka, baada ya kula, kabla ya kuoga na kabla ya kulala. Baada ya chakula utumbo husukuma, ndiyo maana watoto wengi hupata choo wakati huo. Dakika 3 hadi 5 zinatosha.
4. Mvalishe nguo rahisi. Chupi na gauni jepesi ni bora kuliko suruali yenye vifungo.
5. Mkao uwe sahihi. Chupi ishuke hadi kwenye vifundo vya miguu na magoti yaachane. Msichana akikojoa amebana mapaja, mkojo kidogo huweza kuingia ukeni na kuvuja baadaye. Mzazi hudhani mtoto amejikojolea makusudi, kumbe sivyo.
6. Msifu kwa kujaribu. Neno "hongera" au kupiga makofi kunatosha. Hakuna haja ya pipi.

Kumtawaza mtoto wa kike

Njia ya mkojo ya msichana ni fupi na iko karibu na sehemu ya haja kubwa. Vijidudu vya kinyesi havina safari ndefu kufika kwenye kibofu. Kwa hiyo:

- Safisha kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara. Ukitumia maji, yamiminie mbele na mkono uende nyuma. Usirudishe mkono.
- Kwa sehemu ya mbele maji safi yanatosha. Usitumie sabuni yenye manukato wala dawa ya kuua vijidudu, na usioshe ndani ya uke.
- Mkaushe taratibu, mvalishe chupi ya pamba, na ibadilishe ikilowa.
- Mfundishe kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kilichofungwa kwa urefu wake humfurahisha, naye atanawa bila kukumbushwa sana. Wewe pia nawa.

Tumia nafasi hii kumweleza kwamba sehemu zake za siri si za kuchezewa. Mtajie watu wanaoruhusiwa kumtawaza, na mwambie akueleze mtu mwingine akimgusa. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuelewa hili.

Choo cha shimo

Mtoto mdogo huogopa tundu la choo, na hofu yake ina msingi, kwani anaweza kutumbukia. Aendelee na poti mpaka awe mkubwa wa kuchuchumaa salama, na hata hapo mshike mkono. Funika tundu baada ya kutumia.

Wengi huamini kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo kama cha mtu mzima. Kimwage chooni, usikitupe uani wala jalalani, kisha osha poti kwa sabuni.

Akijikojolea au akigoma

Atajikojolea, na zaidi ya mara moja. Mbadilishe kwa utulivu na umwambie, "Safari ijayo twende kwenye poti." Usimchape, usimwaibishe mbele ya watu, na usimnyime maji ya kunywa. Mkojo unapokuwa mchache na mzito, kibofu hakisafishwi vizuri.

Akibana choo, mara nyingi ni kwa sababu kiliwahi kumuuma. Choo kigumu kinauma, naye anabana, kinazidi kuwa kigumu, halafu kinakandamiza kibofu. Mtoto wa namna hii hujikojolea mara kwa mara na hupata maambukizi kwa urahisi. Mpe maji, papai, chungwa, parachichi, maharage na mboga za majani. Punguza maziwa kama anashindia maziwa tu. Ikibidi mrudishie nepi kwa siku chache. Kupata choo bila maumivu ni muhimu kuliko poti. Usimpe dawa ya kuharisha wala kumwekea sabuni njia ya haja kubwa.

Usiku ni somo jingine

Kukaa mkavu usiku huja baadaye, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya mchana. Kukojoa kitandani kabla ya miaka 5 ni kawaida. Weka mpira juu ya godoro na umpeleke akojoe kabla ya kulala.

Mpeleke kituo cha afya ukiona

- Homa isiyo na sababu iliyo wazi. Apimwe malaria na mkojo pia.
- Analia au anajishika akikojoa, au anakojoa kidogo kidogo kila mara.
- Mkojo una damu, una ukungu au unanuka kupita kawaida.
- Maumivu ya tumbo yakiambatana na kutapika.
- Choo kigumu kwa zaidi ya wiki 2, au chenye damu.
- Kiu kali na mkojo mwingi huku anapungua uzito. Hii inaweza kuwa kisukari. Nenda siku hiyohiyo.
- Uchafu, damu au michubuko sehemu za siri.
- Alishazoea kabisa, kisha ghafla anaanza kujikojolea. Huenda ni maambukizi, choo kigumu, au kuna jambo limemtisha. Mwulize kwa upole.

Usimpe antibayotiki uliyonunua dukani bila kupimwa. Siku ya kliniki, mweleze muuguzi unachokiona nyumbani hata kama kwako ni aibu. Maswali haya tunayapata kila wiki, na mengi huisha kwa ushauri tu.