Kazi Moja, Vitu vya Aina Nyingi

Leo tutasoma historia ya Java, lugha ya kuandikia maagizo ya kompyuta.

Maagizo hayo huitwa programu. Ndani ya programu mna vifungu, na kila kifungu kina jina na kazi yake. Kifungu hicho huitwa metodi. Metodi hupewa vitu vya aina mbalimbali: namba kamili, desimali, maneno na kadhalika. Je, metodi moja yaweza kupokea aina nyingi?

Java ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Aliyeongoza kuiunda ni James Gosling. Tangu mwanzo, metodi kadhaa ziliweza kuwa na jina moja, mradi zipokee vitu vya aina tofauti. Tazameni ile iitwayo max, ambayo huchagua namba kubwa kati ya mbili. Ziko nne: mbili za namba kamili, mbili za desimali. Njia hii ni salama, lakini kazi ile ile imeandikwa mara nne.

Njia ya pili ilikuwa kutumia aina iitwayo Object, iliyo mama wa aina nyingine. Orodha zilizoletwa na Java 1.2, mwaka 1998, zilitumia njia hiyo. Orodha ilikuwa kama gunia lisilo na alama: lilipokea unga, lilipokea na chokaa. Mwandishi alipokosea, hakuna aliyemkataza. Kosa lilionekana baadaye, programu ikiwa kazini. Fikirini karani aliye katikati ya hesabu ya mishahara, mara programu inasimama!

Dawa yake ilikuwa imekwisha fikiriwa zamani. Mwaka 1967 Mwingereza Christopher Strachey, akifundisha mjini Copenhagen, alieleza tofauti kati ya kuandika kazi upya kwa kila aina na kuandika kazi moja ifaayo aina zote. Mwaka 1998 Gilad Bracha, Martin Odersky, David Stoutamire na Philip Wadler walionyesha jinsi ya kuliingiza wazo hilo katika Java. Likaingia rasmi katika Java 5, mwezi wa Septemba 2004. Huitwa jeneriki.

Mwandishi huweka herufi, kama T, mahali pa jina la aina. Anayeitumia metodi ndiye anayeamua T ni nini. Sasa gunia lina alama, na mkaguzi, yaani kompaila, huisoma mlangoni kabla ya kazi kuanza. Chokaa haiingii penye unga.

Lakini programu za zamani zilikuwa nyingi, wala haikufaa kuziharibu. Kwa hiyo alama ikishakaguliwa hufutwa, na gunia hubaki kama lile la zamani. Hivyo ya kale na mapya yaliweza kufanya kazi pamoja. Hata hivyo gharama ilikuwapo: programu ikiwa kazini haiwezi kuliuliza gunia alama yake. Tena namba za kawaida haziwezi kushika mahali pa T. Ndiyo sababu zile max nne zingalipo.

Basi kumbukeni: kosa likamatwalo mlangoni halimfikii karani.

Maswali
1. Kwa nini gunia lisilo na alama lilikuwa na hatari?
2. Herufi T husimama mahali pa nini?
3. Kwa nini alama hufutwa baada ya kukaguliwa?