Ratiba isiyojua mashine ni ngapi

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na sababu ni kazi. Nilikuwa natengeneza programu ya kupanga ratiba ya uzalishaji kwa kiwanda kimoja cha nguo Athi River, ng'ambo tu ya Kitengela ninakoishi. Jina la kiwanda tuliache. Programu ilidumu siku tatu. Siku ya nne supavaiza wa kushona, mama wa makamo, aliniita pembeni: "Kijana wangu, ratiba yako inapendeza, lakini haijui nina mashine ngapi." Nikaangalia. Kweli, Jumatano nilikuwa nimempangia oda nne kwenye laini moja ya cherehani.

Kwanza nilinuna. Halafu nikaanza kusoma historia ya hizi programu, nikagundua kwamba kosa langu limenizidi umri kwa miongo kadhaa.

Tuanzie hapa nyumbani Kajiado. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911 ili kuchimba magadi ziwani, na katika miaka hiyo ya 1910 ikajengwa reli kutoka Konza, ikapita mji wa Kajiado hadi Magadi. Reli hiyo ni ya njia moja. Treni inayopeleka magadi bandarini na ile inayorudi haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo mpangaji wa treni huanza na jambo moja: njia ni moja tu, hata kama magadi yamerundikana kama mlima. Ufaransa walikuwa wanachora ratiba za treni kwenye karatasi tangu karne ya 19, saa upande mmoja, stesheni upande wa pili, kila treni mstari wa mshazari. Mistari miwili ikikatana katikati ya stesheni mbili kwenye njia moja, umepanga ajali.

Viwandani mchoro uliovuma ni wa Mmarekani Henry Gantt, miaka ya 1910. Karol Adamiecki wa Poland alikuwa na mchoro wa jamii hiyo tangu 1896, ila maandishi yake yalikuwa ya Kipolandi na Kirusi, na waliosoma Kiingereza hawakumjua. (Sisi tunaoandika mambo ya tarakilishi kwa Kiswahili tunamwonea huruma.)

Kisha zikaja tarakilishi. Mwaka 1964 Joseph Orlicky alibuni MRP, yaani upangaji wa mahitaji ya mali ghafi, na Black & Decker ikawa miongoni mwa kampuni za kwanza kuutumia. Wazo lenyewe ni zuri sana. Unasema unataka mashati 10,000 ifikapo tarehe fulani. Tarakilishi inalifumua kila shati: kitambaa mita ngapi, vifungo vingapi, uzi kiasi gani. Inatoa vilivyomo stoo, kisha inahesabu kurudi nyuma kwenye kalenda na kukwambia uagize nini na lini. Kazi hiyo ilikuwa ikiwachosha makarani na kalamu zao.

Lakini tarakilishi za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo, na MRP ikapita njia ya mkato. Kila hatua ilipewa idadi ya siku isiyobadilika. Kama kushona ni siku tatu, ni siku tatu, kiwanda kiwe na oda moja au hamsini. Hakuna panapoulizwa mashine ni ngapi. Ungeipangia reli ya Magadi hivyo, ungekuwa na treni nne kwenye njia moja siku ya Jumatano, kama mimi na cherehani zangu. Miaka ya 1980 ikaja MRP ya pili, ambayo angalau ilikwambia kwamba umezidisha mzigo, halafu ikakuachia wewe utafute pa kuupeleka.

Cha ajabu, hisabati ya kupanga mashine ilikuwepo tayari. Selmer Johnson aliichapisha 1954, miaka kumi kabla ya Orlicky. Chukua oda tatu, zote zinakatwa kwanza kisha zinashonwa, oda moja kwa wakati mmoja. Oda A: kukata saa 3, kushona saa 6. Oda B: kukata 7, kushona 2. Oda C: kukata 5, kushona 4. Kanuni yake: tafuta muda mfupi kuliko yote. Ukiwa wa kukata, oda hiyo itangulie. Ukiwa wa kushona, iende mwisho. Iondoe, rudia. Inatoka A, C, B, na kazi inaisha baada ya saa 17. Ukianza na B, kisha C, kisha A, unamaliza saa 22. Hesabu mwenyewe kwenye karatasi kama huniamini. Watu ni walewale, mashine ni zilezile.

Saa tano hizo si namba tu. Eneo la EPZ la Athi River, lililotokana na sheria ya 1990, limechangia sana kuijaza Kitengela wapangaji. Ratiba ikiharibika, meli haimngoji mtu; anayefidia ni fundi anayebaki ovataimu, kisha anatafuta matatu usiku akiwa ameacha mtoto kwa jirani.

Ukiongeza mashine ya tatu, tuseme ya kupiga pasi, kanuni ya Johnson haitoshi tena. Mwaka 1976 ilithibitishwa kwamba tatizo hilo limo katika kundi ambalo hadi leo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua kila mara. Siku hizi kuna programu huria kama OR-Tools ya Google ambazo hutafuta jibu zuri, hata kwenye laptopu yangu ya mitumba.

Nimeanza upya na OR-Tools. Safari hii nilikaa na yule mama na daftari lake kwanza. Limo lote nililokosa: mashine ipi inakata uzi, nani yuko likizo ya uzazi, kontena lipi la kitambaa bado liko Mombasa. Idadi ya mashine ilikuwa jambo rahisi kuliko yote. Kilichonishinda bado ni lori la kitambaa linalokwama Mlolongo, mji uliopata jina kwa foleni ya malori kwenye mizani. Mama huliandika kwa penseli, anakisia, anafuta. Mwenye njia ya kuandika penseli hiyo kwa kodi aniambie.